Kocha, andaa maswali na timu yako kwa Kiswahili kabla hamjaenda kuwauliza watu

Mimi nakochi timu za vijana hapa Kampala, wengi wametoka chuo juzi juzi, wana laptopu na wana moyo, na wanatumia hii mbinu inayoitwa dizaini thinking, ile ya kuanza na mtu kabla hujachora kitu. Hatua zake wengi mnazijua, unasikiliza watu, unaieleza shida vizuri, unatafuta mawazo, unatengeneza prototaipu, yaani mfano wa kwanza wa kujaribia, unaipeleka wakaijaribu, alafu unarudia. Kila timu niliyokaa nayo inapenda hatua ya mawazo, zile karatasi za rangi ukutani, ila ile ya kusikiliza wanataka ipite haraka, waende siku moja warudi. Na maandalizi yake ndio kabisa wanayafanya ndani ya gari.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Vijana sita walitaka kutengeneza apu ya vikundi vya akiba kule Nakivale, wilaya ya Isingiro. Nakivale ni makazi ya wakimbizi ya zamani sana, yapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, na Wakongomani ni wengi mno kwa hio Kiswahili utakisikia kila kona. Vikundi vyenyewe mnavijua, vile vya sanduku la kufuli tatu. Mtindo huo ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, leo Uganda umeenea sana. Wanachama kama 15 mpaka 30 wanakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa moja mpaka tano, anapigiwa mihuri kwenye kitabu chake kidogo, pesa inaingia sandukuni, funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti, na baada ya mwaka hivi wanagawana. Vijana walikuwa wameshaamua kwamba kila mama aone akiba yake kwenye simu. Walisema wanaenda "kuthibitisha tu". Kocha, ukisikia hilo neno usiwaache wapande gari.

Mimi niliwaacha. Walienda na maswali 23 ya Kiingereza wakayatafsiri njiani baada ya Mbarara, kila mtu kivyake, wakaongea na akina mama kumi na wawili, na wote kumi na wawili walisema mtaji ni mdogo, ada za shule ni kubwa, mvua imechelewa. Majibu ya kweli kabisa, lakini tungeweza kuyaandika tukiwa Kampala bila kuchoma mafuta. Hizi hatua hapa chini ndio tulizifuata safari ya pili.

Hatua ya 1: Waulize mkirudi mtaamua nini

Kabla ya swali lolote kuandikwa kaa nao mezani uwaulize hivi, mkirudi Ijumaa mtakuwa tayari kuamua jambo gani? Wakisema "tutawaelewa watumiaji" usikubali, hio sio kuamua. Endelea kuwabana kwa upole mpaka mtu aseme kitu kama "tutaamua kama akiba ionekane kwenye simu au isionekane".

Ukishapata hapo, gawa karatasi, dakika kumi, kila mtu aandike kimya kimya mambo anayoyachukulia kuwa ni kweli kuhusu wale akina mama. Kimya kimya nasisitiza, manake mkianza kwa kuongea yule msemaji wa timu atawameza wengine wote. Alafu wekeni karatasi zote chini mtafute zile mbili ambazo zikiwa za uongo kazi yote inaanguka. Kwetu moja ilikuwa "mama hajui akiba yake imefika ngapi". Ya pili iliandikwa na binti mmoja mpole ambaye wiki nzima alikuwa hajasema kitu: "simu ni ya mama peke yake". Hakuna aliyekuwa ameitamka, yaani walikuwa wamejenga apu nzima juu ya hilo jambo bila kulitazama.

Hapo kocha utatamani sana kuwaandikia maswali mwenyewe kwa sababu unayaona tayari. Usifanye hivyo. Swali la kuazima mtu analisoma kama tangazo, likijibiwa hajui afuate nini.

Hatua ya 2: Chagueni watu, na mmoja awe ameacha

Timu ikiachiwa itaongea na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kwa sababu ndio wanaopatikana na ndio wanaojua kuongea na wageni. Hao ni wa muhimu ila watakueleza kikundi kinavyotakiwa kuwa. Wekeni na mwanachama wa kawaida anayekaa nyuma, mmoja anayeshika ufunguo, aliyeingia mwaka huu, na tafuteni kwa nguvu zote mtu aliyeacha kikundi. Huyo aliyeacha ana habari ambayo kiongozi hatakupa.

Kuhusu idadi, mara nyingi naambiwa "watano wanatosha, imethibitishwa". Ile namba ilisambazwa na Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima tovuti, mwaka 2000, na alikuwa anaongelea kupima tovuti au programu iliyopo tayari, wapi mtu anakwama akibonyeza. Kuongea na mtu kuhusu maisha yake na pesa yake ni kitu kingine. Sisi tulipanga wanane tukaacha nafasi ya wawili zaidi, na nawaambia timu, mkiona wa saba na wa nane hawawashangazi tena basi pumzikeni, mkiona bado mnashangaa ongezeni.

Hatua ya 3: Ruhusa, na jina la mnachokifanya

Kwa kijiji cha kawaida unaanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, unajieleza, unaacha jina na simu. Kwenye makazi ya wakimbizi lazima upitie Ofisi ya Waziri Mkuu ndio uruhusiwe kufanya utafiti, alafu ukifika unawaona na viongozi wa wakimbizi wenyewe, wale wa RWC, baraza la wakimbizi. Anzeni barua mapema sana, msiwe mnaandika barua huku mmeshalipia gari. Na tangu mwaka 2019 Uganda ina sheria ya kulinda data na faragha, kwa hio idhini ya mtu iombwe kwa lugha anayoielewa, aambiwe mnachukua nini, kitakaa wapi, na kwamba anaweza kukataa swali au kuondoka. Mtoto wa chini ya miaka 18, ruhusa ni ya mzazi au mlezi.

Sasa jambo ambalo halimo kwenye fomu yoyote. Msiseme "tumekuja kufanya intavyu" wala "mahojiano". Kwa mkimbizi mahojiano ni yale ya kuamua kama atakubaliwa kuwa mkimbizi, na intavyu ni ile ya kwenda Marekani au Kanada. Mama akisikia hilo neno atavaa nguo nzuri, ataleta makaratasi yote kwenye bahasha, na kila atakachojibu atakuwa anakipima kama kinamsaidia au kinamharibia. Mkimfanyia hivyo mtu mmeshamuumiza kabla hamjauliza lolote. Semeni "mazungumzo", na mwanzoni kabisa mseme wazi kwamba hayahusiani na kuhamishwa wala na msaada wa chakula. Hio sentensi tuliiandika, kila mtu akaikariri, ikawa ya kwanza kabla hata ya majina yetu.

Hatua ya 4: Maswali yaandikwe kwa lugha yatakayoulizwa

Hapa ndio nataka mkae muda mrefu kuliko kwingine kote, sisi tulikaa siku mbili.

Mazoea yetu Uganda ni kuandika kwa Kiingereza kwa sababu wafadhili wanataka kusoma, alafu kila kijana anajitafsiria papo hapo. Matokeo yake mnakuwa na maswali sita tofauti mkidhani ni moja. Andikeni kwa Kiswahili kwanza, kama mtaenda Gulu andikeni kwa Kiacholi, Masaka kwa Kiganda, na ile ya Kiingereza ya mfadhili itafuata baadaye.

Mkianza kuandika kwa Kiswahili mtaona mambo. La kwanza ni neno "changamoto". Kila timu inaandika "una changamoto gani katika kuweka akiba?" na hilo neno watu wamelisikia kwa mashirika miaka na miaka, wanajua likija nyuma yake kuna orodha na labda kuna mradi. Ukiuliza changamoto unapewa mtaji, ada, mvua. Wale kumi na wawili hawakutudanganya, walijibu swali tuliloleta. Futeni hilo neno kwenye karatasi yote.

La pili, Kiswahili chetu na chao. Tulimwomba mama mmoja Mkongomani anayefanya biashara ya vitenge hapa Kampala atusomee maswali kwa sauti. Akafika kwenye "wiki iliyopita uliuza nyanya kiasi gani?" akasema, mimi ningekujibu mbili tatu za kupikia. Tukatazamana. Kwa Wakongomani wengi kuuza ni kununua, na kile sisi tunaita kuuza wao wanaita kuuzisha! Tukafungua daftari za safari ya kwanza, na kweli kulikuwa na mama ambaye tulimwandika "biashara ndogo sana, nyanya chache" na pembeni yake picha ya makreti yamepangwa mpaka dirishani. Kwa hio maswali yasomwe na mtu wa kule, kwa sauti, na umwambie aseme anavyoyaelewa, asikusahihishe Kiswahili.

La tatu ni "kwa nini". Mkiwa marafiki linapita, lakini kutoka kwa mgeni mwenye daftari linasikika kama polisi. "Kwa nini hukuweka akiba wiki ile?" mama anaanza kujitetea. Tumieni "ilikuwaje mpaka", "ikawaje", "ukafanyaje hapo". Maana ni ile ile ila huyu anasimulia na yule anajitetea.

La nne, na hili ni la timu zote duniani, acheni "ungependa" na "ungetumia". Ungependa apu inayokuonyesha akiba yako? Ndiyo mwanangu ningependa. Mtu mstaarabu hawezi kumwambia mgeni aliyetoka mbali kwamba kitu chake hakifai. Muulize kilichotokea tayari, na kilichotokea mara ya mwisho, sio "kwa kawaida" wala "huwa". Hio mbinu ni ya zamani, mwanasaikolojia John Flanagan aliiandika mwaka 1954 baada ya kufanya kazi na jeshi la anga la Marekani kwenye vita vya pili, walikuwa wanakusanya visa halisi vya marubani, nini kilitokea siku ile, badala ya kuuliza maoni. Mtu akisimulia siku fulani anakumbuka nani alikuwepo, pesa ilitoka wapi, nani alikasirika.

Maswali yetu 23 yakabaki tisa. La kwanza lilikuwa "Mama, mkutano wa mwisho wa kikundi ulikuwaje kwako, tangu ulipotoka nyumbani?" La pili, "kitabu chako cha akiba kiko wapi sasa hivi?" La tatu lilihusu mara ya mwisho pesa ya hisa ilikosekana. Mengine yalikuwa ya ziada tu, kama mazungumzo yakienda vizuri hutayafikia na wala haina shida.

Hatua ya 5: Mazoezi, kocha ukiwa mama mgumu

Usiruhusu timu ifanye mazoezi wao kwa wao peke yao, watasaidiana. Keti wewe kwenye kiti, uwe mama asiyetaka kuongea. Raundi ya kwanza ilikuwa hivi:

— Mama, huwa unaweka akiba kila wiki?
— Ndiyo.
— Na unaona inakusaidia?
— Inasaidia.
— Hakuna shida yoyote?
— Hakuna.

Sekunde arobaini, kijana amemaliza karatasi, jasho linamtoka. Tukaongea, tukarudia, safari hii nikamwambia aruhusiwe maneno mawili tu baada ya swali la kwanza, "ehe" na "ikawaje".

— Mama, mkutano wa mwisho ulikuwaje kwako, tangu ulipotoka nyumbani?
— Nilichelewa.
— Ehe?
— Nilichelewa, pesa ilikuwa haijapatikana.

Hapa akafungua mdomo aulize lingine, nikamwinulia mkono, akanyamaza. Nilihesabu moyoni mpaka saba. Kwenye chumba chenye watu, hesabu ya saba ni ndefu sana, mmoja akaanza kukohoa.

— Nikaazima kwa jirani elfu tano, nikanunua hisa, sikutaka waone nimekaa bila kununua.

Mimi nilikuwa naigiza, hilo la kuazima nililitoa kwa mama ninayemjua, lakini timu ikaona kwa macho kwamba jambo zito lilikuja baada ya kimya na wala halikuja kwa swali. Na sisi Waswahili tumebarikiwa hili neno "ehe", bibi akisimulia hadithi ndio tunamsukuma nalo, kwa hio hakuna haja ya kujifunza mbinu ngeni, ni kukumbuka tulivyokaa jikoni tukimsikiliza.

Ukimaliza mama mgumu, uwe mama anayeongea bila kituo, alafu mume anayejibu badala ya mke, alafu mtu anayeuliza "mtatupa nini?". Huyo wa mwisho lazima timu iwe na jibu moja la kweli. Letu lilikuwa: leo hatuna cha kutoa zaidi ya nauli na soda, tunajifunza, na tutarudi kuwaambia tulichojifunza. Kama hamna mpango wa kurudi, msiseme mtarudi.

Alafu fanyeni zoezi moja la kweli na mtu wa karibu ambaye hamjuani sana, sisi tulimpata mama wa kibanda cha chakula ambaye yuko kwenye kikundi. Lile zoezi moja lilitufutia maswali mawili.

Hatua ya 6: Nani anafanya nini, na begi

Watu wawili kwa kila mazungumzo, mmoja anauliza, mwingine anaandika. Watatu wakiingia kwenye chumba kidogo cha mama inakuwa kamati. Kama anayehojiwa ni mama, angalau mmoja wenu awe mwanamke. Anayeandika agawe ukurasa mara mbili, kushoto maneno ya mama kama alivyoyatamka, kulia anachofikiri yeye, na asichanganye kamwe. Kurekodi ni kwa ruhusa, simu iwekwe mezani ionekane.

Siku mchague vizuri. Msiende siku ya kugawa chakula, msiende siku ya soko, na miezi ya mvua ya kwanza, Machi mpaka Mei, asubuhi watu wako shambani. Nauli mtangaze kabla, mpe baada ya mazungumzo, sawa kwa wote, hata kwa aliyekataa kujibu nusu ya maswali. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, ni kweli, lakini mkono uliojaa sana nao unanunua majibu. Pauabanki, kalamu tatu, maji. Mengine mtajua wenyewe.

Hatua ya 7: Dakika ishirini kabla ya kuondoka

Hili pia ni maandalizi kwa sababu linaandaa kesho. Mkitoka kwa mtu msipande boda hapo hapo. Kaeni chini ya mti, dakika ishirini, kila mmoja aseme kitu kimoja alichosikia ambacho hakukitegemea, kwa maneno ya mama mwenyewe, kabla hakijageuka kuwa Kiingereza cha ripoti.

Siku ya kwanza ya safari ya pili, mchana, wale wawili wa kwanza walikaa chini ya mwembe na mimi nikakaa pembeni. Walikuwa wameuliza lile swali la pili, kitabu chako cha akiba kiko wapi sasa hivi. Mama akajibu, "kiko kwa sanduku, kinalala huko". Kijana akasema ehe, akanyamaza vizuri kabisa. Mama akachora kufuli tatu hewani kwa kidole, moja, mbili, tatu, akasema, "nyumbani kikija, bwana anakisoma". Yule binti mpole ndio alikuwa anaandika, upande wa kushoto kaandika neno kwa neno, upande wa kulia aliandika "simu" na alama ya kuuliza.

Hawakubishana kuhusu apu pale chini ya mwembe, niliwazuia, ilikuwa mtu mmoja tu. Nilichowaambia ni waongeze swali moja kwa wale waliobaki, na waliandike hapo hapo kwa Kiswahili. Walijaribu mara nne. Lililobaki likawa: "Mara ya mwisho mtu wa nyumbani alishika simu yako, ilikuwaje?" Wakalisoma kwa sauti kwa mkalimani wetu, akatikisa kichwa kukubali, wakafunga daftari tukaenda kwa mama wa pili.